Ufa Uliozaliwa Karakanani: Chicago 1979 na Historia ya Kukagua Vishikizo vya Injini za Ndege

Ukienda sokoni kununua chungu, kabla hujatoa hela unakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinajibu kwa sauti butu, hata kama umekigeuza mara tatu na hujaona kasoro yoyote. Hakuna aliyetufundisha darasani, tumewaona mama zetu wakifanya hivyo. Mafundi wa reli wa Uingereza katika karne ya 19 walikuwa na kazi hiyohiyo ya mshahara: kutembea kando ya treni iliyosimama, nyundo mkononi, kugonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza.

Leo tunaongelea chungu kingine, chenye uzito wa tani 6 na kinachoning'inia chini ya bawa la ndege.

Injini ya ndege ya abiria haikuchomelewa kwenye bawa kama wengi wanavyodhani. Inafungwa kwenye pailoni, yaani ule mkono mnene unaoshuka kutoka chini ya bawa, na pailoni yenyewe inashikana na bawa kwa viungio vichache mno. Kwenye DC-10, ndege ya Marekani ya miaka ya 1970 tutakayoishughulikia hapa, viungio vikubwa vilikuwa viwili mbele, kimoja juu na kingine chini, kimoja nyuma, na fimbo moja ya kupitisha msukumo wa injini kwenda kwenye bawa. Basi. Viungio hivyo vina beringi za duara, kama kiungo cha bega, ili bawa likipinda angani pailoni isivunjike. Injini inavuta kwenda mbele, uzito unavuta chini, upepo unatikisa pembeni, kisha ndege inatua na kila kitu kinageuka. Kesho yake tena.

Chukua kipande cha waya. Ukikivuta hakikatiki. Lakini kikunje huku na huku mara ishirini uone. Hicho ndicho wahandisi wanakiita uchovu wa metali, na somo lake lilianza kwa vifo. Mei 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika ekseli, mabehewa yakapandana na kushika moto, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli ile haikubebeshwa mzigo kupita kiasi siku hiyo. Ilikuwa imezunguka tu, mara nyingi sana. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alianza kuzungusha ekseli kwenye mashine za majaribio hadi zivunjike, huku akihesabu. Kutoka kwake tulipata wazo ambalo usalama wa anga unalitegemea hadi leo: chuma kina hesabu yake ya mizunguko, na ukiijua hesabu hiyo unaweza kupanga siku ya kukikagua kabla hakijakusaliti.

Namna ya kuutafuta ufa nazo zilianzia kwenye reli. Mafundi walichovya chuma kwenye mafuta, wakakipangusa kikauke, kisha wakakipaka chokaa nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalirudi juu taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Rahisi hivyo! Katika miaka ya 1940 ndugu wawili wa Marekani, Robert na Joseph Switzer, waliboresha wazo lilelile kwa kutumia rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Kwa vyuma vinavyovutwa na sumaku kulikuwa na njia nyingine: unakitia chuma usumaku, unanyunyiza unga laini wa chuma, nao unga unakusanyika mahali penye ufa. Baadaye yakaja mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanayopita ndani ya chuma na kurudi yakikuta ufa (chungu kile kile, kwa mbinu za gharama zaidi), na pia mikondo midogo ya umeme inayozungushwa kwenye uso wa metali na kuvurugika pale metali ilipokatika.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1970 vifaa vilikuwepo na hesabu ilikuwepo. Ndiyo maana kisa cha Chicago kinauma.

Ijumaa ya tarehe 25 Mei 1979, saa tisa alasiri na dakika chache, DC-10 ya American Airlines, safari namba 191, iliondoka uwanja wa O'Hare kuelekea Los Angeles ikiwa na watu 271. Ilipoanza kuinua pua kwenye njia ya kurukia, injini ya kushoto pamoja na pailoni yake yote ilichomoka, ikapanda juu ya bawa na kuanguka nyuma kwenye lami. Ilipochomoka ilibeba pia karibu mita 1 ya ukingo wa mbele wa bawa. Ndege iliendelea kupanda. Sekunde 31 baada ya kuacha ardhi ilikuwa imeanguka kwenye uwanda wa karibu, isiyofika hata kilomita moja na nusu kutoka mwisho wa njia. Wote ndani walikufa, na watu wawili chini. Jumla 273. Hadi leo ndiyo ajali ya ndege moja iliyoua watu wengi zaidi katika ardhi ya Marekani.

Jambo la kwanza wachunguzi walilookota la maana ni bolti iliyovunjika. Kiongozi mmoja wa bodi ya uchunguzi wa ajali, Elwood Driver, aliiinua mbele ya waandishi wa habari, na picha yake ikazunguka dunia. Bolti! Amri ya kwanza ya ukaguzi kwa DC-10 za Marekani ilihusu bolti hizo, na mafundi nchi nzima wakaanza kuzikagua na kuzibadilisha. Lakini maabara ilikuja na jibu jingine. Bolti ile ilivunjika wakati pailoni ikichomoka. Ilikuwa matokeo, siyo chanzo.

Naomba tusimame kidogo hapa, kwa sababu sisi tunaofanya utafiti tunalijua kosa hili vizuri. Kitu cha kwanza unachokiona kimevunjika kinataka sana kuwa jibu.

Chanzo chenyewe kilikuwa nyuma ya pailoni, kwenye ukuta wa metali unaobeba kile kiungio kimoja cha nyuma. Ukingo wa juu wa ukuta ule ulikuwa na mpasuko wa takriban sentimita 33. Ukiutazama mpasuko kwa darubini unaweza kuusoma kama maandishi. Uchovu wa metali huacha mistari midogo iliyopangana, mstari baada ya mstari, kama ufukwe ambapo maji yamekuwa yakipwa kidogo kidogo. Mpasuko wa nguvu ya ghafla hauna mistari hiyo, una ukwaru tu. Katika mpasuko wa DC-10 ile, mistari ya uchovu ilikuwa kwenye ncha mbili tu. Katikati, kwa urefu wa kama sentimita 25, hakukuwa na uchovu wowote. Palivunjwa kwa pigo moja. Na kwenye ukingo palikuwa na alama ya kubonyezwa, yenye umbo la mwezi mwandamo, iliyolingana na kiungio cha upande wa bawa kinachokaa pale juu.

Nani aliipiga?

Kampuni iliyounda ndege, McDonnell Douglas, ilikuwa imetoa maelekezo ya kubadilisha beringi za mbele za pailoni. Yaani kazi ya usalama kabisa, ya kuzuia matatizo. Maelekezo yalisema: toa injini kwanza, kisha toa pailoni. Wahandisi wa American Airlines waliona njia fupi. Badala ya kuvitenganisha, wavishushe pamoja, injini na pailoni kama kitu kimoja, vikiwa vimebebwa na foklifti. Njia hiyo iliokoa takriban saa 200 za kazi kwa kila ndege. Pia ilipunguza idadi ya mabomba, nyaya na mirija ya kufunguliwa kutoka 79 hadi 27, na hili tusilipuuze: kila bomba usilolifungua ni bomba usiloweza kulifunga vibaya. Ukisoma hoja yao kwa haki, ina akili. Hata mimi ningeweza kuipigia kura kikaoni.

Tatizo lilikuwa foklifti. Hii ni mashine ya kubebea makreti ghalani, na dereva wake anakaa mahali ambapo hauoni ukuta wa nyuma wa pailoni. Anaelekezwa kwa sauti na ishara za mikono. Mzigo una zaidi ya tani 6, na nafasi kati ya ukingo wa pailoni na kiungio cha bawa ni ndogo sana. Bolti ya nyuma ikishatolewa, pailoni inageuka mizani: inazunguka kwenye viungio vya mbele, na kusogea kidogo kwa uma za foklifti kunaipandisha sehemu ya nyuma ikagonge juu. Tena foklifti inabeba kwa nguvu ya mafuta yenye shinikizo, na shinikizo hilo hushuka lenyewe polepole mashine ikiachwa imesimama na mzigo.

Ndege iliyoanguka Chicago ilifanyiwa kazi hiyo Tulsa, Oklahoma, tarehe 29 na 30 Machi 1979. Kazi ilikatizwa na mabadiliko ya zamu. Mafundi wa zamu moja waliondoka, foklifti ikabaki imeshikilia mzigo wake, na waliofuata wakakuta pailoni haikukaa sawa. Wakarekebisha, wakaendelea, wakafunga. Ukiisharudishwa mahali pake, ukingo ule unajificha kati ya pailoni na bawa, na hakuna anayeuona bila kufungua vifuniko. Ndege ikarudi kazini, ikaruka kwa wiki nane. Kila safari ncha za ufa zikatembea kidogo. Umewahi kufungua pakiti ya karanga isiyofunguka? Unaitia jino kidogo pembeni, halafu inapasuka yenyewe hadi chini. Ncha ya ufa hukusanya nguvu yote mahali pamoja, na kadiri ufa unavyorefuka ndivyo unavyohitaji nguvu ndogo zaidi kuendelea.

Sasa angalia ratiba ya ukaguzi inavyofikiri. Inatoka moja kwa moja kwa Wöhler: sehemu hii inachoka baada ya mizunguko kadhaa, kwa hiyo iangaliwe kabla ya hapo. Inahesabu umri. Ufa wa Tulsa haukutokana na umri. Ulizaliwa ukiwa na sentimita 25, usiku mmoja, ndani ya karakana, mikononi mwa watu waliokuja kuitunza ndege. Hakuna jedwali lililoutarajia, kwa hiyo hakuna aliyepangiwa kuutafuta.

Na jamani, ulikuwa umeshaonekana! Siyo huo, ila wa aina hiyo hiyo. Kampuni nyingine, Continental, ilitumia foklifti pia. Desemba 1978 na tena Februari 1979 mafundi wake walivunja ukingo uleule kwenye ndege mbili. Walisikia, wakaona, wakatengeneza. Lakini kwa kanuni za wakati ule, chombo kilichoharibiwa na fundi akiwa kazini hakikuhesabiwa kama hitilafu ya ndege, na hitilafu za ndege ndizo zilizotakiwa kuripotiwa kwa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Mtengenezaji aliambiwa kuhusu tukio la kwanza na akaligusia katika taarifa aliyozisambazia kampuni za ndege, katikati ya mambo mengine mengi. Kule American haikumshtua mtu. Habari ilikuwepo ila iliwekwa kwenye kabati la "makosa ya fundi", na aliyekuwa akitafuta ndege mbovu hakuwa na sababu ya kulifungua kabati hilo.

Ukaguzi ulipofanyika kwa macho yaliyojua yanatafuta nini, zilipatikana DC-10 nyingine sita zenye ukingo wa juu uliopasuka: nne za American, mbili za Continental. Zilikuwa zinabeba abiria. Tarehe 6 Juni FAA ilisimamisha cheti cha DC-10, na ndege zote 138 za aina hiyo zilizosajiliwa Marekani zikalala chini hadi tarehe 13 Julai.

Hapa msomaji makini atauliza: kwani DC-10 si ina injini tatu? Ikipoteza moja si iendelee na mbili? Ndiyo, na hata rubani alijua hivyo, na hilo likawa sehemu ya msiba. Pailoni ilipochomoka ilikata mirija ya haidroliki iliyopita ukingo wa bawa. Mirija hiyo ndiyo iliyoshikilia slati za nje, yaani vibao vya mbele ya bawa vinavyochomozwa ili ndege iweze kupaa kwa mwendo mdogo. Bila shinikizo, upepo ukazisukuma zikarudi ndani, upande wa kushoto tu. Bawa la kushoto sasa lilihitaji kasi ya karibu kilomita 294 kwa saa ili lisipoteze nguvu ya kuinua. La kulia halikuwa na shida. Marubani walijua tu kwamba injini imekufa, kwa sababu kutoka chumbani mwao bawa halionekani. Wakafuata utaratibu waliofundishwa wa kupanda na injini iliyokufa: wakapunguza kasi kutoka kama 306 kuelekea 283. Kifaa cha kutikisa usukani ambacho kingewaonya kilikuwa kimezimika, kwani kilipata umeme kutoka kwenye injini ile iliyobaki nyuma kwenye lami. Bawa la kushoto likaacha kubeba, ndege ikapinduka ubavu.

Baadaye wachunguzi waliwaweka marubani wengine kwenye mashine ya mazoezi iliyoigiza hali ile. Waliofuata utaratibu walianguka. Ripoti ya tarehe 21 Desemba 1979 haikuwalaumu marubani. Iliitaja karakana, muundo wa pailoni uliokuwa rahisi kuumizwa, na mfumo wa taarifa ulioshindwa kuunganisha Continental na American.

Baada ya Chicago mambo kadhaa yalibadilika: kushusha injini na pailoni kwa pamoja kulipigwa marufuku, na DC-10 zikawekewa kinga ya kuzuia slati zisirudi zenyewe. Lakini vishikizo vya injini havikuacha kutukumbusha. Boeing 747 ilitumia pini maalumu zilizoundwa zikatike kwa makusudi injini ikipata kishindo kikubwa, ili isipasue bawa na matangi yake ya mafuta. Pini hizo zilikuwa na uwazi ndani, na kutu na uchovu viliota humo humo ambamo jicho halifiki, ndiyo maana zilipimwa kwa mawimbi ya sauti. Desemba 1991 ndege ya mizigo ya China Airlines ilipoteza injini mbili za bawa moja karibu na Wanli, Taiwan, na watu wake watano wakafa. Kabla chanzo hakijaeleweka vizuri, tarehe 4 Oktoba 1992, ndege ya mizigo ya El Al ilipoteza injini mbili kwa namna ileile na kuangukia maghorofa ya Bijlmermeer, Amsterdam, mtaa wenye wahamiaji wengi kutoka Suriname, Ghana na kwingineko. Walikufa 43, na 39 kati yao walikuwa majumbani mwao jioni ile ya Jumapili. Pini zikaundwa upya kwa chuma kisichoshika kutu.

Nilipoanza kuandika makala hii nilidhani itaishia hapo, miaka ya 1990. Lakini tarehe 4 Novemba 2025, huko Louisville, Kentucky, ndege ya mizigo ya UPS aina ya MD-11, ambayo ni mtoto wa DC-10 wa damu kabisa, ilikuwa inaruka kwenda Honolulu. Injini ya kushoto na pailoni yake vikachomoka vikapita juu ya bawa. Marubani watatu walikufa, pamoja na watu wengine waliokuwa chini. Picha ya injini ikiwa angani juu ya ndege, wengi wetu tuliiona kwenye simu zetu.

Safari hii hakukuwa na foklifti. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu, zile zenye mistari ya ufukwe, kwenye masikio ya chuma yanayoshikilia beringi ya kiungio cha nyuma, na beringi yenyewe ilikuwa na pete iliyopasuka. Mwaka 2011 Boeing, iliyomeza McDonnell Douglas, ilikuwa imewaandikia wenye ndege hizo kuwa pete za beringi hiyo zimewahi kupasuka, na ikasema hali hiyo haihatarishi usalama wa safari. Ukaguzi maalumu wa yale masikio ulipangwa kufanyika ndege ikifikisha safari zaidi ya 29,000. Ile ya Louisville ilikuwa na safari 21,043.